Tenisi na malezi ya vijana: asiyekubali kushindwa si mshindani



Wasomaji wa jarida hili wamezoea kusoma habari za maji, kilimo, afya na ada za shule. Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu, nalo ni mchezo wa tenisi. Kila mpango wa vijana unapojadiliwa, swali moja hujitokeza: je, ni halali kutumia fedha ya sadaka kununua raketi na mipira wakati bado kuna kaya zinazochota maji mbali?

Swali hili ni zuri na halistahili kujibiwa kwa maneno matamu. Kwa hiyo makala hii inaeleza tenisi inamfundisha kijana nini, inamfundisha kwa njia gani, na ni katika mazingira gani haimfundishi chochote. Baada ya hapo kila kamati itaweza kupima yenyewe.

Kwa nini tuzungumzie michezo sasa?

Mkonze ya leo si ile ya miaka ya nyuma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini ni kuanzia mwaka 2016 ndipo Serikali ilipohamia kwa kasi, na mwaka 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Mji umesogea hadi kwenye kata za pembezoni kama yetu. Mahali palipolimwa mtama, uwele na zabibu sasa panapimwa viwanja vya nyumba.

Mabadiliko haya yana faida zake. Kijana anaweza kupata kazi ya dukani, hotelini, ya ujenzi au ya ofisini bila kuhama nyumbani kwao. Lakini kazi hizo zinamdai tabia ambazo haziandikwi kwenye cheti: afike kwa wakati, akabidhiwe fedha na kuzirudisha zikiwa kamili, akikosolewa asinune, na akikosea aseme kabla hajaulizwa. Aidha, nafasi za wazi ambazo watoto walichezea zinazidi kupungua. Kiwanja kikishajengwa nyumba hakirudi tena kuwa uwanja. Uamuzi wa kutenga eneo la michezo hauwezi kusubiri miaka kumi.

Kutumia michezo kufundishia maisha si jambo geni katika imani yetu. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa wakimbiaji na wapiganaji wa ngumi kueleza nidhamu anayopaswa kuwa nayo Mkristo.

Tenisi huchezwaje?

Kwa wale ambao hawajapata kuuona mchezo huu kwa karibu, tueleze kwa kifupi. Uwanja kamili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23 kwa wanaocheza mmoja mmoja, au mita 10.97 kwa wanaocheza wawili wawili. Katikati kuna wavu wenye kimo cha takribani sentimita 91. Mchezaji hupiga mpira kwa raketi ili uvuke wavu na kudunda ndani ya mistari ya mwenzake, naye mwenzake anatakiwa aurudishe kabla haujadunda mara ya pili. Pointi huhesabiwa 15, 30, 40, na kisha gemu. Anayefikisha gemu sita, akiwa amemzidi mwenzake angalau gemu mbili, amepata seti. Katika mechi nyingi anayetangulia kupata seti mbili ndiye mshindi.

Yapo mambo matatu katika sheria hizi yanayohusu malezi moja kwa moja. Kwanza, hakuna saa. Mchezo hauishi mpaka pointi ya mwisho ichezwe, kwa hiyo aliye mbele hawezi kupoteza muda na aliye nyuma hajafungiwa mlango. Pili, anayeanzisha mpira hupewa nafasi mbili. Akikosa ya kwanza anajaribu tena, lakini akikosa ya pili pointi ni ya mpinzani. Tatu, wachezaji hubadilishana pande mara kwa mara, ili jua na upepo visimwonee mtu mmoja. Anayejua upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi ataelewa haraka kwa nini sheria hiyo ni ya haki.

Mchezaji ni mwamuzi wa nafsi yake

Katika mpira wa miguu kuna refa mwenye filimbi. Mchezaji akiugusa mpira kwa mkono na refa asione, mchezo unaendelea, na wapo watakaomsifu kwa ujanja wake. Tenisi iko tofauti. Ukiacha mashindano makubwa, mechi nyingi huchezwa bila mwamuzi. Sheria inasema kwamba kila mchezaji ndiye anayeamua mipira inayodunda upande wake, kama imeingia ndani au imetoka nje. Tena inaongeza jambo zito: asipokuwa na hakika, mpira uhesabiwe kuwa ndani. Yaani penye shaka, anayepewa haki ni mpinzani.

Hebu tufikirie maana yake. Mtoto wa miaka 12 amechoka, na zamu ya kuanzisha ni ya mpinzani wake aliyefikisha 40 wakati yeye ana 30. Mpira umegusa ukingo wa mstari, na aliyeuona vizuri ni yeye peke yake. Akisema "nje", anapata pointi na bado ana matumaini. Akisema "ndani", gemu imekwenda. Hilo ni jaribu dogo, lakini ni jaribu la kweli, na katika mchezo mmoja linaweza kumjia mara kadhaa. Mtoto anayelishinda wiki hadi wiki anajenga mazoea ya kusema kweli inayomgharimu. Mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa anapohesabu fedha peke yake usiku, anasimama mahali pale pale aliposimama mtoto yule.

Udongo wetu unasaidia somo hili. Kwenye uwanja wa udongo mpira huacha alama. Penye ubishi, sheria inaruhusu alama ikaguliwe, na mpinzani anaweza kuvuka upande wa pili ili aione kwa macho yake. Hakuna haja ya kupaza sauti: wawili wanainama, wanaangalia, wanakubaliana, wanaendelea. Watu wazima tungefaidika pia kama migogoro ya mipaka ya mashamba na viwanja ingemalizwa kwa utulivu wa namna hiyo.

Kushindwa na kuanza tena

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tenisi inaitia methali hii kwenye vitendo. Katika mashindano ya mtoano ya wachezaji 32, watu 31 watarudi nyumbani wakiwa wameshindwa mechi moja. Kushindwa ni sehemu ya kawaida ya mchezo, na mtoto anajifunza kumshika mkono aliyemshinda kabla hajaondoka uwanjani.

Zaidi ya hapo, anayecheza peke yake hana golikipa wa kumlaumu wala mchezaji wa akiba wa kumpokea. Kwa miaka mingi sheria zilikataza hata mwalimu kumwelekeza mchezaji katikati ya mechi ya mmoja mmoja. Sheria hiyo imelegezwa kuanzia mwaka 2025, lakini mkono unaoupiga mpira bado ni wa mchezaji mwenyewe. Kati ya pointi moja na nyingine anaruhusiwa sekunde 25 tu. Ndani ya muda huo anatakiwa aache hasira ya pointi iliyopita, ajiulize alikosea wapi, kisha aanze upya. Mwalimu mzuri humfundisha maswali mafupi: je, nilichelewa kufika? Je, niliutoa macho mpira? Je, nilipiga kwa pupa? Haya ndiyo maswali ambayo fundi cherehani, muuguzi au karani hujiuliza kazi inapoharibika.

Mfano wa karibu: binti wa Nairobi

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano unaojulikana. Angella Okutoyi wa Kenya alizaliwa mwaka 2004 yeye na pacha wake. Mama yao alifariki wakati wa kujifungua, nao wakalelewa na bibi yao jijini Nairobi. Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano makubwa ya vijana ya Australia. Julai mwaka huohuo, huko Wimbledon nchini Uingereza, yeye na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walifika fainali ya wasichana wawili wawili.

Matokeo ya fainali ile yanafaa kusomwa polepole. Walipoteza seti ya kwanza 3–6. Wakapata ya pili 6–4. Katika sehemu ya kuamua mshindi walishinda 11–9, yaani kwa pointi mbili tu. Hivyo Angella akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano ya ngazi hiyo. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, na Machi 2024 akaipatia Kenya dhahabu katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Ghana.

Hatuutoi mfano huu ili kila mzazi aote ndoto ya Wimbledon. Tunautoa kwa sababu unaonyesha kwamba mtoto aliyeanza maisha na pengo kubwa anaweza kusimama, iwapo kuna bibi anayemlea, uwanja ulio karibu na mtu mzima anayemfuatilia.

Daktari na uwanja wa nyumbani kwake

Mfano wa pili unatoka mbali, lakini unazihusu moja kwa moja kamati za parokia. Katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia nchini Marekani, aliishi daktari mweusi aliyeitwa Robert Walter Johnson. Wakati ule wa ubaguzi wa rangi watoto weusi walizuiwa kwenye viwanja vingi. Daktari huyu alikuwa na uwanja wa tenisi nyumbani kwake, na wakati wa likizo aliwapokea vijana na kuwafundisha.

Masharti yake yalikuwa makali. Mpira wa mpinzani uliotoka nje kidogo, wacheze kama umeingia ndani. Wasibishane na mwamuzi, wala wasirushe raketi kwa hasira. Alijua kwamba vijana wake wangetafutiwa kisingizio chochote cha kufukuzwa, na hakutaka wakipatie. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Althea Gibson, aliyeshinda Wimbledon mwaka 1957 na 1958, na Arthur Ashe, aliyefiwa na mama akiwa mtoto mdogo na ambaye baba yake alikuwa mlinzi wa bustani ya michezo.

Ashe alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1968 na Wimbledon mwaka 1975. Mwaka 1970 alizitembelea nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Mwaka 1971, huko Yaoundé, Kamerun, alimwona mtoto wa miaka 11 aitwaye Yannick Noah, akawapa taarifa viongozi wa tenisi wa Ufaransa. Noah alishinda mashindano ya Ufaransa mwaka 1983. Ashe mwenyewe alitumia jina lake kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, hata akakamatwa mwaka 1985 katika maandamano mbele ya ubalozi wa nchi hiyo jijini Washington. Utulivu aliofundishwa uwanjani haukumfanya mwoga.

Tukifuata mnyororo huu nyuma, tunamkuta daktari mmoja, uwanja mmoja na masharti machache yaliyosimamiwa bila upendeleo.

Mchezo peke yake hautoshi

Tungewapotosha wasomaji kama tungesema tenisi humfanya kila mtu kuwa mwema. Januari 1990 bingwa maarufu John McEnroe wa Marekani alitolewa kwenye mashindano ya Australia kwa sababu ya utovu wa nidhamu, ingawa alikuwa amecheza tangu utoto. Kwa upande mwingine, Björn Borg wa Sweden, aliyesifiwa kwa utulivu na kushinda Wimbledon mara tano mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980, alikuwa mtoto mwenye hasira kali na alisimamishwa kucheza kwa muda na klabu yake.

Mchezo humletea mtoto jaribu. Mlezi ndiye anayemsaidia kuligeuza kuwa somo. Mahali ambapo mwalimu anashangilia ushindi wa hila, watoto watajifunza hila. Mahali ambapo mwalimu anasimamisha mchezo na kumuuliza mtoto, "Umeuona kweli uko nje?", watajifunza kweli.

Kutoka uwanjani hadi kazini

Je, kuna ajira katika tenisi yenyewe? Ipo, lakini si nyingi. Wanaoishi kwa kucheza ni wachache sana duniani. Walio wengi zaidi ni walimu wa mchezo, waamuzi, watunza viwanja na mafundi wa kufunga nyuzi za raketi. Katika klabu za Afrika Mashariki wapo walimu walioanza wakiwa vijana waokota mipira. Vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili kwa wachezaji hodari wanaofaulu pia masomo, ila nafasi hizo zinagombewa na vijana wa dunia nzima. Hivyo basi tusiwaahidi watoto safari za ndege.

Faida ya uhakika zaidi ni ile anayoondoka nayo kijana hata asipocheza tena: kujiandaa kabla ya kazi, kufanya zoezi moja mara mia bila kuchoka, kukubali kusahihishwa, kutulia anapotazamwa na watu, na kuheshimu mshindani. Mwenye duka jirani ni mshindani wake, lakini si adui yake.

Kamati ianze na nini?

Kwa parokia zinazofikiria jambo hili, tunapendekeza mpangilio ufuatao:

1. *Mlezi kwanza.* Zitafutwe nafsi mbili zinazoaminika, mmoja wao mwanamke, na zithibitishwe na kamati. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, na mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja. Chama cha tenisi cha taifa kiombwe ushauri kuhusu mafunzo ya walimu.

2. *Ardhi ya pili.* Eneo litengwe kwa maandishi. Uwanja mdogo wa watoto wa takribani mita 11 kwa 5 unatosha kuanzia, na ndani ya nafasi ya uwanja mmoja mkubwa vinaingia vinne. Udongo wa kichuguu, ukipondwa, ukilowanishwa na kushindiliwa, hutoa sakafu ngumu nzuri. Kazi hiyo ifanyike mwishoni mwa masika, ardhi ikiwa bado na unyevu, ili maji ya kisima yasitumike. Mistari ichorwe kwa chokaa au majivu, na kamba ya katani ifungwe kwenye nguzo mbili, kimo cha sentimita 80.

3. *Vifaa baadaye.* Seremala anaweza kuchonga vibao vya mbao vya kuanzia. Mipira iliyopungua nguvu inafaa zaidi kwa wadogo kwa sababu hairuki juu sana. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 sheria za kimataifa zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yatumie mipira ya polepole. Wafadhili wanaotuma raketi wachague za saizi ya watoto, na watume pia nyuzi, kwa kuwa raketi iliyokatika nyuzi ni mzigo tu.

4. *Wasichana wawe na zamu yao.* Ratiba ipangwe kwa kuzingatia saa za kuchota maji na kupika, la sivyo uwanja utakuwa wa wavulana peke yao. Mavazi yawe ya heshima na ya kumwezesha kukimbia. Wimbledon yenyewe ilianza kuwalipa wanawake sawa na wanaume mwaka 2007 tu, baada ya miaka mingi ya madai.

5. *Daftari liwepo.* Liandikwe mahudhurio, maendeleo ya shule na mwenendo. Mwisho wa mwaka kamati ilisome na kuamua kama mpango uendelee au usitishwe.

Tunarudi kwenye swali la maji

Tuliuliza kama ni halali kununua raketi wakati maji hayatoshi. Jibu letu ni kwamba fedha iliyotolewa kwa ajili ya maji ibaki kuwa ya maji, bila kupunguzwa hata shilingi. Lakini wanakamati wanajua kwamba kisima hakidumu kwa sababu ya pampu peke yake. Pampu inapoharibika na mfuko wa matengenezo ukakutwa mtupu, kilichokosekana si bomba, ni mtu. Miaka 15 ijayo, mhazini wa mfuko huo atakuwa mmoja wa watoto wanaocheza barabarani leo. Kamba, chokaa, kichuguu na mlezi mwaminifu ni gharama ndogo ya kumzoesha kusema "ndani" pale ambapo hakuna mwingine aliyeona.

Tunazikaribisha kamati zijadili makala hii katika vikao vyao na kutuletea maoni, ya kukubali na ya kupinga.